Wazo na hisia: kipi humvuta mwenzake?

Mwenzetu ameuliza kama wazo ndilo linalozaa hisia au hisia ndiyo inayozaa wazo, na kwa nini kujiambia "kila kitu kiko sawa" hakumpunguzii wasiwasi. Nilihudhuria tiba ya utambuzi na tabia, yaani tiba ya mazungumzo inayokufundisha kuyapima mawazo yako na kubadili mwenendo, kwa miezi kadhaa kwa tatizo kama hilo, hivyo najibu kwa niliyoyapitia.

Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili aliyeiasisi tiba hii nchini Marekani katika miaka ya 1960, alibaini kwamba wagonjwa wake wa sonona walipitiwa na mawazo mafupi, ya haraka, yasiyoitwa, na kwamba hayo ndiyo yaliyochochea huzuni yao. Hilo nililielewa mapema. Lililonichukua muda ni kwamba hisia nayo hulilisha wazo.

Jioni moja mkuu wangu wa kazi aliniandikia: "Tuonane kesho asubuhi." Maneno matatu tu. Papo hapo nikawaza, "Nafukuzwa," tumbo likakaza, na hofu ile ikaanza kunichagulia kumbukumbu: ripoti niliyoichelewesha, salamu ambayo hakuiitikia. Pongezi alizowahi kunipa hazikunijia hata moja. Mwishowe mapigo ya moyo yenyewe nikayafanya ushahidi, kwamba kama naogopa kiasi hiki, basi lazima kuna jambo.

Mshauri wangu alikuwa amenipa karatasi yenye safu za tukio, hisia na uzito wake kati ya 0 na 100, wazo, ushahidi unaoliunga mkono, unaolipinga, kisha wazo lililopimwa upya. Niliandika hofu 90. Safu ya ushahidi unaopinga ilikaa tupu karibu nusu saa, kwa kuwa aliyejaa hofu haoni upande huo. Nilipotoka nikatembea kidogo na kurudi, nikapata sentensi tatu. Wazo jipya likawa, "Huenda ni baya, huenda ni la kawaida, ujumbe wenyewe hausemi." Hofu ikashuka hadi 55.

Kujiambia "kila kitu kiko sawa" hakusaidii kwa sababu hilo nalo huna ushahidi wake, na moyoni unajua. Kinachotafutwa ni wazo unaloweza kuliamini, hata kama halipendezi. Mimi niliiona ile 55 kuwa kushindwa, mpaka mshauri aliponiuliza kama niliweza kulala nayo. Nililala, ingawa kwa kuchelewa.