Muulize Bi Maktaba: Kaseti za babu, tuziweke bure?

*Assalaam aleikum Bi Maktaba. Babu yetu alikuwa na redio ya kurekodi, na harusi za Kibokoni na Kuze, hapa Mombasa, akialikwa nayo. Amefariki mwaka jana, akatuachia kaseti 42 ndani ya sanduku la bati, na daftari la mashairi yake kwa hati za Kiarabu. Kakangu alitia nyimbo sita Facebook. Simu ikaibwa na akaunti tukaikosa. Sasa yuko mtu ataka kulichukua sanduku zima "akalihifadhi", na ami yetu asema tukiziweka mtandaoni bure tumetupa mali ya babu. Tufanyeje? Mjukuu, Kibokoni.*

Waaleikum salaam, mwanangu, na Mola amrehemu babu.

Sanduku lisitoke mlangoni. Mtu akitaka kuhifadhi, na aje na mashine yake, akae ukumbini kwenu, mumpe chai, anakili, na kaseti zirudi sandukuni jioni hiyo hiyo. Hati za Msikiti wa Riyadha kule Lamu zilifanyiwa hivyo katika mradi wa Endangered Archives wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza: zilipigwa picha, picha zikawekwa mtandaoni bure, hati zenyewe zikabaki Lamu. Anayesema hawezi kunakili mpaka aende nazo kwake, mshukuruni na mumfungulie mlango.

Nasema hivi nami niliyeungua. Mwaka 2006 nilikuwa na kaseti ya vugo, nyimbo za harusi za wanawake, sauti ya shangazi yangu iko mbele kabisa. Nikainakili kwenye sidii, nikaona nimemaliza, kaseti nikaitupa kwa kutaka nafasi kabatini. Miaka tisa baadaye naitoa sidii, ule uso wake wa fedha umebanduka kama magamba ya samaki. Ukiiinua dirishani waona Mji wa Kale upande wa pili. Maandishi yangu ya kalamu yasomeka vizuri sana: "Vugo, Kuze, upande wa pili." Sauti hakuna. Joto na chumvi ya hapa kwetu havina huruma na vitu hivi, na mimi nilikuwa na nakala moja tu.

Basi kazi yenyewe. Kabla ya kucheza, tazameni utepe kwenye mwangaza. Ukiona unga mweupe, hiyo huenda ni kuvu. Hiyo kaseti iwekeni kando, msiicheze, itachafua na nyingine. Utepe uliolegea mzungushe kwa penseli. Kichwa cha deki kisuguliwe kwa pamba na spiriti baada ya kila kaseti chache. Halafu waya kutoka tundu la hedifoni hadi kwenye kompyuta, na programu ya Audacity, ambayo ni bure. Rekodini kwa WAV, faili lisilokata sauti, kwa vipimo 48,000 kila sekunde na biti 24; MP3 hukata sauti ili faili liwe dogo, hiyo mtatengeneza baadaye ya kutumiana WhatsApp. Saa moja ya WAV hiyo ni kama GB 1, kwa hivyo kaseti zenu zote, kama ni za dakika 60, hazifiki GB 45. Zaingia kwenye flashi moja. Kilicho ghali ni saa 42 za kukaa mkizisikiliza, maana kaseti haina njia ya mkato.

Na hapo msikae peke yenu. Mleteni nyanya, mpeni kiti, aseme huyu ni nani aimbaye, harusi ya nani, wimbo wamtupia nani kijembe. Yaandikeni anayosema. Faili liitwalo "Kaseti 07" baada ya miaka ishirini hakuna atakayejua ni kitu gani, na nyanya hatangoja miaka ishirini.

Nakala ziwe tatu: moja nyumbani, moja kwa jamaa ng'ambo ya maji, Likoni au Kisauni, moja mtandaoni. Mtandaoni peke yake hapatoshi. MySpace, mtandao wa kijamii uliovuma kabla ya Facebook, ilikiri mwaka 2019 kwamba muziki uliowekwa kwake tangu 2003 hadi 2015 umepotea, nyimbo zaidi ya milioni 50, katika kuhamisha mitambo tu. Hata wakubwa wa kazi hii huanguka: British Library ilivamiwa na wahalifu wa mitandao Oktoba 2023, na Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni, Oktoba 2024.

Sasa ami. Mpeni heshima yake, lakini mwambieni sheria ya Kenya: mashairi ya babu ni ya warithi wake kwa miaka 50 baada ya kufa kwake, na kuyaonyesha bure hakuyafanyi yawe ya mwingine. Yawekeni kwa leseni ya Creative Commons yenye alama BY-NC, maana yake soma, nakili, mtaje mwenyewe, usiuze. Nyimbo zilizo ndani ya kaseti ni hadithi nyingine. Babu alikuwa mwenye redio. Mtungaji ana haki yake na mwimbaji ana yake. Wengine wako hai, wengine wana watoto hapa hapa mjini. Nendeni mkawaulize. Wengi watalia kwa furaha, mmoja wawili watataka kitu, yazungumzeni.

Tena mkumbusheni Muyaka bin Haji, mshairi wa Mvita, yaani Mombasa yetu. Amefariki kama mwaka 1840, na mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu hadi mwishoni mwa karne ile, Mwalimu Sikujua alipoyakusanya pamoja na mmishonari Mwingereza, Taylor. Karatasi hizo ziko London, kwenye chuo kikuu cha SOAS. Ni miaka mingi kijana wa Mvita alihitaji safari ya London kuziona karatasi hizo za babu yake! Siku hizi hati kadhaa za Kiswahili za SOAS zasomeka bure kwenye simu, na mimi nimezisoma nikiwa nimekaa barazani na kahawa yangu.

Moja bado, nalo ndilo lizuialo usingizi wangu. Vugo na lelemama ni nyimbo na ngoma za wanawake, na mara nyingi huimbiana wao kwa wao. Bibi aliyeimba mwaka 1981 aliimbia ukumbi ule, hakuimbia dunia. Kaseti hizo nakilini kama nyingine, lakini msizifungue kwa umma hadi waliomo, au mabinti zao, waseme ndiyo. Wakisema la, ibaki nakala ya nyumbani.

*Kitabu nilichokuwa nikiazima kwenye Internet Archive hakiazimiki tena. Nani amekiondoa? Mwanafunzi, Tudor.*

Mahakama ya New York. Maktaba ile ilikuwa ikikipiga picha kitabu cha karatasi, ikikifungia stoo, na kuazimisha picha yake kwa mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mwaka 2020, wakati wa korona, ikaondoa kikomo hicho kwa muda, na wachapishaji wanne, Hachette, HarperCollins, Wiley na Penguin Random House, wakaishtaki. Ilishindwa Machi 2023, na rufaa ikashindwa Septemba 2024. Vitabu zaidi ya 500,000 vimetoka kwenye rafu ya kuazima. Kuondoa kikomo naona walikosea. Kuazimisha kimoja kwa mmoja nilikufanya nyuma ya meza kwa miaka mingi na sikumfilisi mwandishi yeyote. Vilivyokwisha muda wa haki bado viko pale na havihitaji hata kujisajili: kamusi ya Kiswahili ya mmishonari Krapf, ya mwaka 1882, shusha leo.

*Tovuti ya kikundi chetu cha ngoma ilifungwa, hatukulipa. Picha zetu zapatikana? Katibu, Majengo.*

Andika anwani ya zamani ndani ya web.archive.org, hifadhi ya kurasa za zamani ya Internet Archive. Ikiwa tovuti yenu ilinakiliwa humo utaona kalenda yenye tarehe. Bonyeza ya zamani zaidi kwanza, maana ya karibuni huenda ni ukurasa wa "akaunti imesimamishwa". Maandishi hupatikana mara nyingi kuliko picha. Zipatikanazo zishushe moja moja, usiku, bando likiwa rahisi.