Je, kusafishwa meno hulegeza meno?

SWALI: Daktari, shikamoo. Fizi zangu hutoka damu nikipiga mswaki, na nyuma ya meno ya mbele ya chini kumeota kitu kigumu cha manjano. Nimeshauriwa nikasafishwe meno kwa mashine, lakini naogopa. Shangazi yangu alisafishwa, meno yakaachana na mawili yakaanza kucheza. Nasikia pia mashine hukwangua ganda la jino. Kuna mtu anayesafisha kwa dawa ya maji, bila mashine, na baada ya dakika chache meno yanakuwa meupe. Je, niende kwake?

JIBU: Marahaba. Usiende kwake. Nitafika huko, lakini kwanza tumalize habari ya shangazi, kwa sababu hofu hiyo naisikia mara kwa mara, na wengi walioishika walikuja kwangu wakati meno hayaokoleki tena.

Kitu kigumu unachokiona ni ugaga, yaani utando laini wa bakteria uliofyonza madini ya mate ukawa kama jiwe. Huanza kukauka ndani ya siku chache, na hujaa zaidi hapo ulipopataja kwa sababu tezi za mate zinamwagia karibu. Ukishakuwa mgumu, mswaki hauutoi. Fizi iliyo jirani huvimba na kuvuja damu. Kwa watu wengi, hali hiyo ikiachwa kwa miaka, uvimbe hushuka chini ya fizi na mfupa unaoshika mizizi unaanza kuliwa. Mfupa huo ukishakwenda haurudi wenyewe. Na kwa muda mrefu hakuna maumivu, kwa hiyo mtu huamini meno yake ni mazima.

Sijampima shangazi yako, ila ninachokiona kwa wagonjwa wa aina yake ni kwamba meno yalikuwa yamelegea kabla hajakaa kwenye kiti. Ugaga ulikuwa umeyagandisha pamoja, na fizi iliyovimba ilikuwa imeziba nafasi zilizo katikati. Ukibomoa kichuguu kilichoegemea nguzo, nguzo ikayumba, hutasema jembe ndilo lililoila. Mchwa walishamaliza kazi zamani. Kosa ninaloliona hapo ni la aliyemsafisha, kama hakumpima na kumwambia mapema kwamba nafasi zitaonekana, kwamba meno yatasisimka kwa maji baridi kwa siku kadhaa, na kwamba fizi itanywea kadiri inavyopona. Mgonjwa asiyeambiwa hivyo atalaumu mashine, na jamaa zake wote wataiogopa.

Kuhusu ganda la jino: enameli ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini mwa binadamu. Ncha ya mashine hutetemeka zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde huku ikimwagiwa maji, na mtetemo huo ndio unaopasua ugaga. Haikati wala haitoboi. Inaweza kukwaruza ikigandamizwa vibaya, hasa kwenye mzizi ulio wazi, ambao ni laini kuliko enameli. Kwa hiyo uangalifu wako uelekeze kwa anayeishika.

Mtu anayejua kazi hawashi mashine kabla ya kupima. Atapitisha kijiti chembamba chenye alama za milimita kati ya jino na fizi. Kina cha milimita 1 hadi 3 ni cha kawaida. Kuanzia 4, hasa penye damu, kuna jambo la kufuatilia, na pengine eksirei ya kuangalia mfupa. Mifuko hiyo, yaani nafasi kati ya jino na fizi, ikiwa na kina kirefu, kusafisha sehemu inayoonekana kwenye kioo hakutoshi. Ugaga wa chini ya fizi nao lazima utolewe, mara nyingi kwa sindano ya ganzi na zaidi ya siku moja.

Vyombo je? Omba uone pakiti ikifunguliwa mbele yako. Kufuta chombo kwa spiriti si kukitakasa. Kinatakiwa kupita kwenye mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 15 au 134 kwa dakika 3 angalau, kwa sababu virusi vya homa ya ini B huweza kuishi siku 7 kwenye kitu kikavu. Uliza bila haya, na ukigombezwa kwa kuuliza, ondoka. Nawe useme yako: kisukari, vali bandia ya moyo, kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini (usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe). Ujauzito hauzuii kusafishwa, ila mwambie.

Sasa huyo wa dawa ya maji. Dawa inayofanya meno yawe meupe kwa dakika chache bila kugusa ugaga aghalabu ni asidi, au kemikali kali ya kung'arisha iliyo mikononi mwa mtu asiyejua kipimo chake. Asidi haisafishi jino, inaliyeyusha. Weupe unaouona ni uso wa enameli uliochunika. Uso huo umebaki na vitundu vidogo sana, kwa hiyo madoa yatarudi upesi kuliko mwanzo. Rudia mara chache, ganda litakonda hadi tabaka la manjano la ndani lionekane, na hapo atakuambia unahitaji kupakwa tena! Enameli haioti upya. Nimewaona vijana wenye meno yasiyostahimili hata hewa ya kuvuta kinywani, na kilichowapeleka kwa wapakaji wa dawa hiyo kilikuwa madoa ya kahawia ya floridi (madini yaliyo kwenye maji ya kunywa), ambayo yamo ndani ya enameli tangu jino linaundwa na hayawezi kusuguliwa yakatoka. Wakati huo ugaga wao ulikuwa palepale, na mfupa unaendelea kuliwa chini ya meno meupe.

Wengine wananunua vyuma vya kukwangulia na kujichokoa mbele ya kioo, au wanasugua mkaa, limau na magadi. Limau ni asidi ileile kwa jina la nyumbani. Na wapo wanaoacha kabisa kupiga mswaki mahali panapotoka damu wakidhani wanapapumzisha, kumbe wanawalisha bakteria. Wewe endelea kupasugua polepole kwa mswaki laini hadi siku ya miadi.

Kama umeshapakwa dawa ya namna hiyo na fizi zimebabuka, suuza kwa maji mengi, usipake kitu kingine juu yake, na uende kwa daktari wa meno siku hiyohiyo. Ukiweza, beba na chupa yenyewe, ili ajue anatibu nini.