Gorogoro, Misa na Fungu la Kumi: Barua kwa Mwanangu wa Kibuye

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka huku Kakamega. Umeniuliza Mkristo aishije imani yake pale sokoni Kibuye, Kisumu, mahali ambapo karibu kila kibanda cha nafaka kina gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, iliyobonyezwa kitako, siku kubwa ya soko ni Jumapili, na kanisani mnahimizwa kutoa zaka wakati wewe hujui hata faida yako ni ngapi. Ukaongeza, mwisho kabisa wa barua, kwamba gorogoro yako uliikuta kwenye kibanda tangu Krismasi, nayo pia imebonyea, na kwamba ukitumia iliyo kamili utaonekana ghali na wateja watahamia kwa jirani.

Nitaanza na gorogoro, maana hapo ndipo imani yako ilipo kuanzia asubuhi hadi jioni. Rozari utaisali na jumuiya ndogo ndogo utahudhuria, lakini mama anayekuja na shilingi mia na ishirini mkononi hakutani na rozari yako. Anakutana na kipimo chako.

Maandiko hayakuzungukazunguka katika jambo hili. Mambo ya Walawi 19:35-36 yanadai haki katika uzito na ujazo. Kumbukumbu la Torati 25:13-16 inaenda mbali zaidi: inakataza hata kuwa na vipimo viwili, kikubwa na kidogo, ndani ya nyumba. Hapo hatuzungumzii kutumia, tunazungumzia kuweka. Kwa hiyo ile gorogoro usiiweke chini ya meza kwa ajili ya siku ngumu, wala usimwuzie mgeni mwingine wa soko. Ipige nyundo ilale kabisa. Lakini kabla hujaipiga, ijaze mahindi, sawazisha juu kwa kijiti, upime uzito wake na uandike. Utaihitaji namba hiyo.

Sasa hesabu, kwa sababu hofu yako ni ya hesabu. Chukua mfano wa gunia la kilo 90 ulilonunua shilingi 4,000, na usafiri na upakuaji ukala 200. Ukitoa vumbi, makapi na zinazomwagika, tuseme kilo 2, unabaki na kilo 88. Gorogoro isiyobonyea ikichukua kilo 2 na gramu 200, utapata gorogoro 40. Kila moja imekugharimu shilingi 105. Uza 120, utaingiza 4,800, na 600 ni zako kabla ya kodi na ushuru. Jirani yako mwenye kitako kilichobonyezwa anapata kilo 2 tu ndani ya gorogoro, kwa hiyo gunia lake linatoa 44. Anauza 115, anaonekana rahisi, na anaingiza 5,060. Lakini mteja wake analipa shilingi 57 na nusu kwa kilo, wako analipa kama 54 na nusu. Rahisi ni wewe! Shida ni kwamba mteja haioni kilo, anaiona gorogoro.

Basi mwonyeshe kilo. Weka mizani mbele ya mteja, si pembeni yako, na uandike bei kwa kilo kwenye kadibodi kubwa. Anayetaka gorogoro mpimie gorogoro kamili, kisha uimwage kwenye mizani aone. Wiki za kwanza wengine watapita bila kusimama. Akina mama wa hoteli na wapishi wa shule ndio watakaogundua mapema, kwa kuwa wao hujua kilo ngapi za mahindi hutosha sufuria gani ya githeri.

Mizani nayo ina hila zake. Iwe juu ya ubao uliotulia, isiguse kitu pembeni. Isome sifuri kabla ya kila kipimo, na kama unatumia bakuli, irudishe sifuri bakuli likiwa juu. Ya kidijitali hudanganya betri ikichoka, na ile ya mshale hudanganya springi ikilegea. Kila Jumatatu ijaribu kwa maji: lita moja ni kilo moja, ukitoa uzito wa chupa. Sheria ya Kenya inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri kila mwaka na maafisa wa vipimo, kwa hiyo ipeleke wanapotangaza zoezi lao, na stakabadhi uibandike ukutani.

Kuna wizi mwingine usiohitaji kubonyeza kitu, nao ni unyevu. Mahindi mabichi ni mazito, anayeuza kwa kilo anauza maji. Ila hilo ni dogo. Kubwa ni kuvu. Mahindi yaliyohifadhiwa juu ya asilimia 13.5 ya unyevu huota kuvu inayotoa sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo haiishi kwa kuchemshwa. Mwaka 2004 iliua watu 125 upande wa Makueni, Kitui na jirani zake. Kama huna kipima unyevu, tia chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, ongeza mahindi mpaka kama theluthi, funga, tikisa kwa dakika kadhaa, kisha acha itulie dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado mabichi, usiyaingize ghalani. Zaidi ya yote, usikubali ule mtindo wa kuchanganya gunia lililooza na matano mazuri "lipotee humo". Amosi 8:6 inawataja kwa hasira wale waliowauzia maskini takataka za ngano. Yaliyoota kuvu usimpe ng'ombe, maana sumu hupita kwenye maziwa, wala usimwuzie mpika pombe. Zika. Hasara hiyo ni yako, na ndiyo sababu unapaswa kuweka pembeni kidogo kwa kila gunia, ili siku ikifika usijaribiwe.

Mchele ni vivyo hivyo. Mchele wa Ahero una wateja wake na ni mzuri. Hauhitaji kuitwa pishori ya Mwea. Ukichanganya, andika mchanganyiko.

Nirudi kwenye ile gorogoro ya tangu Krismasi, kwani uliitaja kama jambo lililopita na mimi silioni hivyo. Katekisimu ya Kanisa, namba 2412, inasema aliyechukua cha mtu lazima arudishe. Kitubio kinaondoa dhambi, deni linabaki. Hapo ndipo ile namba uliyoiandika inapofanya kazi. Kama ilipungua gramu 200 na uliuza gorogoro 15 kwa siku, ulibaki na kilo 3 za watu kila siku, yaani karibu shilingi 165. Kwa siku 26 za kazi ni 4,290 kila mwezi. Usishtuke ukashindwa kuanza. Wateja unaowajua, waongezee juu ya kipimo kamili mpaka deni liishe. Huhitaji kutangaza sokoni, lakini mteja akikuuliza mwambie ukweli. Wale usiowajua, fungu lao liende kwa maskini kidogo kidogo. Lisiende kwenye harambee ya kanisa ambako jina lako litasomwa, maana hiyo si pesa yako ya kujipatia sifa. Padri wa kitubio akikupa utaratibu mwingine, mfuate yeye.

Kuhusu Jumapili, hili ni jepesi kuliko unavyolifikiria. Sheria ya Kanisa inakubali Misa ya Jumapili yenyewe au ya jioni ya Jumamosi. Kanisa kuu la Mtakatifu Theresa liko hapo hapo Kibuye. Soma ratiba yao ukutani, chagua Misa ya kwanza, ufungue kibanda baadaye. Katekisimu inatambua kwamba mahitaji ya familia huweza kumfanya mtu afanye kazi siku hiyo, lakini inaonya isigeuke mazoea yanayoua ibada, nyumba na afya. Kwa hiyo chagua siku nyingine ya juma ufunge kabisa, ukae na mkeo na watoto. Na huyo kijana anayekusaidia ana roho pia: asifungue kibanda wewe ukiwa Misani, kisha asiwe na Misa yake. Hapo watu wengi wema hujikwaa.

Huyo huyo kijana, na wasukuma mkokoteni, walipwe kabla jua halijatua. Walawi 19:13 na Kumbukumbu la Torati 24:15 zinalisema wazi, na sababu iliyotolewa ni kwamba mtu huyo ni maskini na moyo wake umeutegemea ujira huo. Tenga pesa yao asubuhi, kabla hujauza chochote. "Kesho nitakulipa" mara nyingi huanza kwa sababu pesa yote iko kwenye mkoba mmoja.

Hapo tunafika kwenye zaka. Kanisa Katoliki halikuweka asilimia. Linamdai kila mwamini asaidie mahitaji ya Kanisa kwa kadiri ya uwezo wake. Fungu la kumi ni kipimo cha Agano la Kale na ni kizuri, ila Kumbukumbu la Torati 14:22 inalitoza kwenye maongeo ya shamba, yaani kilichozidi. Wewe ukiuza mzigo wa shilingi 120,000 kwa mwezi, na mzigo wenyewe pamoja na usafiri ukakugharimu 100,000, kisha kodi ya kibanda, ushuru, mifuko na mshahara vikala 9,000, kilichozidi ni 11,000. Fungu lake la kumi ni 1,100. Ukitoa 12,000 kwa kuhesabu mauzo, umetoa zaidi ya ulichopata, na ziada yake imetoka kwa mkulima wa Kitale anayekudai. Zaka haitolewi kwa deni la mwenzio. Ndiyo maana nakusumbua kuhusu daftari: mali bila daftari hupotea bila habari, na zaka bila daftari ni kubahatisha. Andika kila jioni safu tatu, iliyoingia, iliyotoka, na unayodaiwa. Kisha, ukiwa umekaa hapo hapo, pitia siku yako mbele za Mungu: nani nimempunja, nani nimemfokea, nani nimemwahidi. Dakika tano zinatosha. Watu huahidi saa nzima ya sala usiku halafu wanasinzia baada ya Baba Yetu.

Mikopo. Utawakopesha watu, huwezi kuikwepa. Weka kiwango usichoweza kuumia ukikipoteza, kiandike, na mdaiwa asaini. Lakini usishike kitambulisho cha mtu kama rehani, hata kama soko zima linafanya hivyo. Kutoka 22:26-27 inaagiza nguo ya maskini irudishwe kabla jua halijatua, kwa kuwa ndiyo ya kujifunikia. Leo mtu bila kitambulisho hatoi pesa kwa wakala wala haandikwi kazi. Utakuwa umemfunga asiweze hata kukulipa. Wala usimpandishie bei yule anayekopa kwa sababu ana njaa na hana pa kwenda; Katekisimu, namba 2409, inaliweka hilo katika wizi, sambamba na ulaghai wa biashara na ujira usio wa haki.

Pesa ya M-Pesa iliyoingia kimakosa usiile, lakini pia usikimbilie kuirudisha. Angalia salio kwanza, kwa sababu matapeli hutuma ujumbe wa uongo. Kama imeingia kweli, mwambie mtumaji apeleke ujumbe wake wa muamala kwa 456, Safaricom wairudishe. Ukiituma wewe mwenyewe kisha yeye akaomba irudishwe, utalipa mara mbili.

Askari wa kaunti akiomba chai, tofautisha mambo mawili. Kama hujalipa ushuru, lipa ushuru na uchukue risiti. Kumpa hamsini ili upone mia ni rushwa, na wewe ndiye unayenufaika. Kama umelipa na bado anakutishia, risiti ya siku iwe mfukoni, mwonyeshe, mwombe jina lake kwa heshima, na umwite mwenyekiti wa soko asikie. Usitoe maneno makali. Mara chache utapoteza nusu saa, labda na wateja wawili.

Na majirani zako wa soko, usiwahubirie. Kukagua vipimo vyao ni kazi ya maafisa, wewe umepewa kimoja tu cha kutunza. Mmoja akikuuliza kwa nini wateja wanarudi kwako, mfanyie ile hesabu ya 54 na nusu na 57 na nusu, polepole, kwa mahindi yake mwenyewe juu ya mizani yako.

Niandikie ile gorogoro ya zamani imepima kilo ngapi. Salimia mke wako, na wajukuu uwabusu.

Mama yako