Kidonda cha mwenye kisukari hakihitaji unga wa vidonge

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba mumewe, mgonjwa wa kisukari, ana kidonda cha unyayo kisichofunga, na kwamba ndugu wanamshinikiza afungue vidonge vya rangi mbili akinyunyizie unga wake. Maneno hayo nayajua. Nilipomuuguza mama niliambiwa yayo hayo, nikakataa, na wapo jamaa ambao hadi leo hunisema kuwa nilijifanya daktari, bado yananiuma.

Ngozi inapochanika na damu kuganda, seli za kinga ziitwazo nyutrofili hufika ndani ya saa chache, humeza bakteria na kufa kwa wingi, na usaha tunaouona umejaa mabaki yake. Zikifuatiwa na makrofaji, seli kubwa za kinga zinazomeza mabaki hayo, eneo husafishwa, kisha hutokea jambo ambalo kwangu ni la ajabu kuliko yote: makrofaji hizo huacha kuchochea uvimbe na kuanza kutoa vichocheo vinavyootesha mishipa midogo ya damu na nyama mpya. Sukari ikiwa juu kwa muda mrefu, nyutrofili hudhoofika na makrofaji hukwama kwenye mapambano, hivyo kidonda hubaki kimevimba na kuchuruzika bila kujenga chochote. Unga hauwezi kukwamua hali hiyo.

Kwa mama tulianza na sukari yenyewe, tukaipima na kuishusha kwa dawa alizoandikiwa, naye akaacha kabisa kuukanyagia mguu ule. Spiriti niliiweka kando, kwa kuwa huunguza hata seli changa. Niliosha kwa maji ya chumvi ya hospitali na kufunika kwa shashi safi. Mtafiti George Winter alionyesha tangu mwaka 1962, kwa vidonda vya nguruwe, kwamba kidonda chenye unyevu huota ngozi upesi kuliko kilichoachwa kikauke. Asubuhi moja nikaona nyama nyekundu yenye vipunje, na pembezoni ukingo mwembamba wa waridi ukiingia ndani. Kidonda kilifunga, na najivunia hilo.

Dada yangu, dhibitini sukari kwanza, na mzee asikanyagie mguu huo. Dhibitini sukari, narudia, maana bila hiyo bendeji ni kazi bure. Mkiona weusi, harufu mbaya, wekundu unaopanda mguuni au homa, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama shangazi anapinga.