Maziwa ya mama mwingine: nikubali ama nikatae?

SWALI: Habari anti. Nimejifungua wiki ya 31 hapa hospitali ya Pumwani, kijana ana kilo 1.3 na yuko nasari ya watoto wachanga. Nakamua lakini ni matone tu yanatoka, sasa nesi ameniuliza kama naweza kubali apewe kwa muda maziwa ya benki, yaani yaliyotolewa na mama wengine na kuwekwa hospitalini. Mama mkwe kusikia hivyo alilia, akasema mjukuu wake hawezi kulishwa maziwa ya mtu hatumjui, atachukua tabia zake na pengine magonjwa. Mzee wangu amenyamaza tu. Nifanye nini? – Mama Kijana, Kayole

JIBU: Pole mama, na hongera pia. Kubali. Naanza na hilo juu mtoto wa kilo moja na kitu hana muda wa kungoja familia ikubaliane.

Tumbo la mtoto kama huyo bado ni changa sana, ukimpa maziwa ya mkebe utumbo unaweza kuvimba na hata kuoza sehemu, na huo ugonjwa unaua watoto wadogo haraka, lakini maziwa ya mama, hata kama mama mwenyewe si wewe, yanapunguza hiyo hatari, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema ya mamake yakikosekana mtoto mdogo hivyo apewe ya benki.

Magonjwa sasa. Hiyo benki ya Pumwani ilifunguliwa Machi 2019, ya kwanza hapa Kenya, na mama anayetoa anapimwa kwanza virusi vya ukimwi, homa ya ini na kaswende. Halafu maziwa yenyewe yanapashwa joto la digrii 62.5 kwa dakika 30, joto linaloua virusi na bakteria, yanapozwa haraka, yanapimwa tena, ndio yanawekwa kwa friza. Kuna kinga inapotea kwa moto lakini nyingine inabaki.

Tabia haipiti kwa maziwa, mama. Ila usimkasirikie mama mkwe. Zamani mzazi akifariki mtoto alinyonyeshwa na nyanya ama shangazi na boma nzima ilijua ni titi la nani, sasa yeye anaambiwa friza, nafikiri kinachomuumiza ni huko kutojua. Muombe nesi amweleze mwenyewe, tena ana kwa ana, wazee wengi hutulia wakielezwa na mtu wa hospitali kuliko wakielezwa na wewe. Na mzee wako asikize pia, asinyamaze wewe ukibeba peke yako.

Lakini nakuomba sana usiache kukamua. Ya benki ni ya kushikilia tu mpaka yako yaje. Kamua mara nane kwa siku, hata usiku, na hayo matone ya njano usiyadharau, apewe hayo kwanza. Wakikuruhusu umbebe kifuani ngozi kwa ngozi, mbebe, hiyo inasaidia maziwa kushuka. Na jirani akikuletea yake kwa chupa kwa roho safi, mshukuru lakini usimpe mtoto, hayajapimwa hayo.

SWALI: Anti, mimi ni Mwislamu wa Eastleigh na nina maziwa mengi hadi namwaga. Nikitoa nitalipwa? Na si watoto watakuwa ndugu wa kunyonya bila kujuana? – Umm Salma

JIBU: Hulipwi, ni kutoa kwa hiari, na mtoto wako ashibe kwanza. Maziwa hayataisha, ukikamua zaidi mwili unatengeneza zaidi.

Hilo la pili ni swali zito na umefanya vizuri kuuliza mapema. Kwa madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu huku tunafuata, kunyonya mara tano kabla ya miaka miwili kunaleta undugu na hao watoto hawawezi kuoana. Maulamaa hawajakubaliana kuhusu benki: mwaka 1985 Baraza la Kimataifa la Fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, lilizikataza, 2004 baraza la fatwa la Ulaya likaruhusu watoto waliozaliwa kabla ya wakati wapewe. Kwa hivyo ongea na imamu wako, halafu uulize benki kama wanaandika maziwa ya nani yameenda kwa nani, na kama yanachanganywa ya mama wengi pamoja. Ukipata majibu hayo mkononi ndio uamue.