Kipindi cha televisheni cha kusaka hazina kwenye kisiwa cha Oak Island ni maigizo?

Uchimbaji ni wa kweli, hazina ndiyo haijapatikana. Tangu kipindi kianze 2014, ndugu wawili wa Lagina, wahusika wakuu, wanaonyeshwa wakichimbua kisiwa hicho cha Nova Scotia, Kanada, na walichotoa ni vidogo vidogo: sarafu ya Kihispania, msalaba mdogo wa madini ya risasi, mbao kuukuu. Kinachokuzwa ni sauti ya msimulizi: kipande cha mbao kinaoshwa, "je, yawezekana...?", halafu tangazo! Shimo linalodaiwa kuficha hazina husemwa liligunduliwa 1795, ila habari zake zilianza kuchapishwa katikati ya karne ya 19. Baadhi ya wanajiolojia wanaona ni shimo la asili tu, maana chini kuna mawe ya chokaa na jasi yanayoliwa na maji. Ila watu sita waliokufa wakisaka hazina kisiwani humo si hadithi.