Insha ikishasomwa, tunyamaze?

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni kama zile klabu za fasihi ambazo wanachama huandika insha zao wenyewe na kusomeana bado zina maana, siku hizi ambapo kila mtu anachapisha atakacho kwenye simu yake. Zina maana. Ya Cincinnati, Marekani, ilianzishwa mwaka 1849 na hadi leo wanasomeana; ya Chicago ni ya 1874. Jambo lililodumu hivyo halihitaji utetezi wangu. Linaloniuma ni jingine: insha ikishasomwa, sisi tuliokuwa tunasikiliza tufanye nini?

Ni mwaka wangu wa kumi na moja nikiwa katibu wa klabu ya namna hiyo, na msimamo wangu ni kwamba tunyamaze. Yapigwe makofi, watu waende zao. Anayesoma mbele ya wenzake ametoa sauti yake, na mikono yake inaonekana ikitetemeka. Hakuja kuhojiwa.

Msimamo huo niliupata jioni moja. Zamu ilikuwa ya mzee mmoja, fundi saa mstaafu, si mtu wa maneno mengi. Alikuja na kurasa kumi na mbili za mwandiko wake, kalamu ya bluu, mistari imebanana. Insha ilihusu saa za ukutani. Alieleza kwa nini huchelewa wakati wa joto: fimbo ya timazi, ule uzito unaobembea ndani ya saa, inarefuka, basi kila mbembeo unachukua muda zaidi kidogo, na kidogo hicho kwa siku nzima kinakuwa sekunde kadhaa. Alieleza nati ndogo iliyo chini ya timazi, unayoizungusha kuinua uzito ili saa irudi kwenye mwendo wake. Tulimsikiliza kwa raha. Kisha, ukurasa wa nane, akaingia kaka yake. Hawakuwa wamesemeshana kwa miaka tisa. Kaka alipofariki, jirani alileta saa ya marehemu itengenezwe, na mzee alipoifungua akakuta nati imekazwa kupita kiasi, vilevile kaka yake alivyokuwa akiikaza tangu wakiwa watoto. Hapo kidole chake kilichokuwa kikifuata mistari kilisimama. Kilikaa palepale muda mrefu kabla hajaendelea.

Alipomaliza, mwanachama mmoja kijana akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu kabisa: "Mzee, miaka tisa yote hiyo, kwa nini hukumtafuta?"

Mzee alivua miwani. Akakunja zile karatasi kwa kufuata mikunjo yake ya zamani, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka zikaingia mfuko wa shati. "Insha imeishia hapo, mwanangu," akasema, akakaa. Vikao vinne vilivyofuata hakuonekana. Mimi ndiye niliyependekeza kanuni ya kutouliza maswali, ikapita.

Kila nilipopingwa nilikuwa nawatajia kikundi cha Benjamin Franklin, mchapaji aliyekuja kuwa mmoja wa waasisi wa Marekani, kule Philadelphia: Junto, cha mwaka 1727. Kila mwanachama alipaswa kusoma insha yake mwenyewe mara moja kila miezi mitatu, na aliyedai jambo kwa uhakika mno au kumpinga mwenzake waziwazi alitozwa faini ndogo. Mnaona, nilikuwa nikisema, hata wao waliogopa maneno. Lakini ninapoandika haya naona nilikuwa nimeishika hadithi kinyume. Faini iliwekwa ili mazungumzo yaendelee bila watu kugombana. Wangetaka kimya, wangepiga marufuku mazungumzo yenyewe. Na Franklin huyohuyo aliandika insha juu ya uzembe unaounguza nyumba, kwanza kwa ajili ya kusomwa mbele ya wenzake hao. Kutokana nayo, mwaka 1736, kikazaliwa kikosi cha kuzima moto. Watu waliizungumza.

Halafu kuna jambo ambalo sijawaambia wanachama. Mzee aliporudi alinipa ile insha niiweke kwenye faili. Kurasa zilikuwa kumi na tatu. Ya mwisho ina wino mweusi, na ni jibu la lile swali. "Weka tu humo," aliniambia, "isisomwe kwa sauti." Yaliyomo nitayaacha humo. Nitasema tu kwamba tangu niisome, zile kumi na mbili naziona zinauzunguka ukurasa huo bila kuufikia.

Basi, nasema maswali yaruhusiwe. Yasiulizwe usiku uleule, yangoje kikao kinachofuata. Na msomaji aulizwe kwanza, faraghani, kama yuko tayari. Akikataa, amekataa. Ningependa kuongeza kwamba habari za marehemu zisiguswe, ila swali la yule kijana lilikuwa hilohilo, kwa hiyo hapo sina hakika. Mkutano wetu wa mwaka unakuja na nataka kupendekeza kanuni yangu ifutwe. Kabla ya hapo nitakwenda kwa mzee. Asiporidhia, sitaipeleka.